Masikio yanalia tangu jeshini, baba anasema kudai ni aibu

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Tabata na mke wangu na watoto wawili. Naomba usiandike jina langu. Haya ninayokueleza wanayajua watu watatu tu, mke wangu, kaka yake na baba yangu mzazi, na kila mmoja ananivuta upande wake.

Nilipata grini kadi ya bahati nasibu nikiwa kijana. Marekani niliosha vyombo, nikalala chumba kimoja na wenzangu wanne, mwishowe nikajiunga na jeshi lao la nchi kavu. Uraia niliupata humo humo jeshini. Nilipangwa kikosi cha mizinga na nikapelekwa Afghanistan. Sikupigwa risasi wala sikukanyaga bomu. Kazi yangu ilikuwa kusimama jirani na mzinga unapopigwa, siku nyingine usiku kucha. Tulipewa vizibo vya masikio, lakini ukivivaa vizuri amri ya kiongozi wako huisikii, na pale amri usipoisikia mtu anaweza kufa.

Nilipomaliza mkataba nilipimwa masikio, karatasi ikaandika mazima. Mlio ulikuwepo tayari. Ni mluzi mwembamba usiokatika, kama redio iliyokosa stesheni. Mchana ninausahau kidogo kwa sababu Dar haina kimya. Usiku ndiyo shida. Nalala feni ikiwa imewashwa hata mwezi wa saba wakati kuna baridi, na mke wangu anajifunika mashuka mawili.

Sasa nauza vipuri eneo la Gerezani. Mteja anataka beringi ya 6206, mimi namletea 6209, maana sita na tisa nikizungumziwa kwa haraka siwezi kuzitofautisha. Wengine wanacheka, wengine wanakwenda duka la jirani. Hilo ninalivumilia. Lisilovumilika ni binti yangu wa miaka saba. Zamani nikirudi alikuwa ananisimulia mambo ya shule. Nikawa namwambia arudie, arudie tena. Siku hizi anamsimulia mama yake, halafu mama yake ndiye ananisimulia mimi.

Mwaka huu mke wangu alinipeleka kupimwa katika hospitali moja hapa mjini. Daktari alinionyesha mchoro wa sikio la kushoto, mstari unashuka hadi desibeli 45 kwenye hezi 4000. La kulia lina nafuu. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akasema wenzangu wengi huko Marekani wanalipwa fidia ya ulemavu kwa jambo hili hili.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Mke wangu anataka nidai. Anasema pesa haimsumbui, anataka nipate vifaa vya kusikia na hati inayosema nimeumia, ili niache kujifanya sina kitu. Shemeji yangu yeye ameshapiga hesabu ya kiwanja Chanika. Ananiambia nikiitwa kupimwa nisibonyeze kitufe hata nikisikia, nionekane kiziwi. Ameniunganisha na jamaa wa WhatsApp anayesema atanipatia asilimia mia ya ulemavu, malipo yake ni fedha zangu za miezi sita ya mwanzo.

Halafu kuna baba. Baba alikuwa JWTZ. Alikwenda Vita vya Kagera, akavuka mpaka hadi ndani ya Uganda mwaka 1979. Nilimweleza nikidhani yeye atanielewa kuliko wote. Akaniangalia akasema: “Sisi tulirudi masikio yakilia wote. Nani alidai? Anadai aliyeacha mguu kule.” Tangu siku hiyo hajazungumzia tena.

Na mimi nina mwenzangu wa kikosi aliyeacha mguu kule kweli. Nikifikiria jina langu na lake katika orodha moja, naona haya. Kuna siku nasema nidai, kuna siku nasema niache. Na nikidai wakanikatalia je? Si nitakuwa nimejidhalilisha mara mbili? Nishauri, mama.

Baba Wawili, Tabata


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma yote, na nilipofika kwa binti yako nikaiweka chini kwanza. Nitamrudia.

Umeniuliza swali moja, nidai au nisidai, lakini mimi nimesoma mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja. Kuna matibabu, maana hujui utaishije na masikio hayo miaka thelathini ijayo. Kuna fedha. Kuna kutambuliwa, yaani mtu mwenye mamlaka akiri kwamba hili limekupata ukiwa kazini kwake. Na kuna neno la baba, ambalo nadhani linakuuma kuliko mluzi wenyewe. Ukiyafungua moja moja utaona si lazima yote yajibiwe siku moja, wala kwa jibu moja.

Tuanze na hili la kwamba hukuumia. Umeandika kwamba hukupigwa risasi, ukamalizia hapo kana kwamba hesabu imefungwa. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno, ndizo zinazogeuza sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Mshindo mkubwa huzivunja, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Bunduki ya M4 peke yake mlio wake unapita desibeli 150, na mzinga ni zaidi ya hapo. Sehemu inayowahi kuharibika ni ya sauti nyembamba, kwenye hezi 3000 hadi 6000, ndiyo maana mstari wako umeanguka pale kwenye 4000. Sauti za s, t, f na sh ziko juu huko. Kwa hiyo unasikia kwamba mtu anaongea, ila neno linakuponyoka, na sita inageuka tisa. Ubongo nao ukikosa habari ya sehemu hiyo, mara nyingi huzalisha mlio wake wenyewe. Mimi sioni namna ya kuliita hili jina jingine zaidi ya jeraha. Halitoki damu, ndiyo. Lakini lipo, na daktari amelichora.

Kuhusu mwenzako aliyeacha mguu, nimejiuliza kama unadhani ukipewa wewe yeye atapunguziwa. Fidia ya Idara ya Maveterani ya Marekani, hiyo VA, haigawiwi kutoka chungu kimoja ambacho akizidisha huyu anapungukiwa yule. Kila mmoja hupimwa kwa madhara yake mwenyewe. Tena mlio masikioni ndio ulemavu unaolipiwa watu wengi kuliko wote miongoni mwa askari wa zamani wa nchi ile, na usikivu uliopungua hauko mbali nyuma yake. Ungeweza pia kumtafuta huyo mwenzako ukamuuliza anaonaje. Umembebesha hukumu ambayo huenda hajawahi kuitoa. Na kama alisimama karibu na mzinga ule ule, yeye anaweza kuandika barua ya shahidi kuhusu kelele mlizokuwa mnakaa ndani yake.

Sasa nikueleze njia yenyewe ilivyo, ili ukiamua, uamue ukijua.

Hukuchelewa. Dai la kwanza halina muda wa mwisho, na kuishi Dar hakukuondolei haki. Fidia hulipwa hata kwa anayeishi nje ya Marekani. Wanachotaka ni mambo matatu: tatizo ulilonalo leo, tukio au mazingira ya jeshini yaliyoweza kulisababisha, na kiungo kati ya hayo mawili, ambacho kwa kawaida ni maoni ya mtaalamu. Hati yako ya kuachishwa jeshi, DD 214, inaonyesha ulikuwa mizingani, na kazi za mizinga zinajulikana kwa kelele. Ile karatasi iliyosema masikio mazima isikukatishe tamaa. Mahakama yao ya rufaa za maveterani ilishaamua mwaka 1993 kwamba usikivu kuonekana mzuri siku ya kuondoka hakumzuii mtu kuthibitisha baadaye kwamba madhara yalitoka jeshini. Kwa mlio, ushahidi wako mwenyewe una uzito, kwa sababu hakuna mashine inayousikia kwa niaba yako. Na kama ushahidi wa pande zote mbili umelingana, sheria yao inasema shaka imnufaishe askari.

Kwa usikivu wana kipimo chao. Unahesabika kuwa na ulemavu kama sauti inabidi ifike desibeli 40 ndipo uisikie, kwenye mojawapo ya masafa, yaani viwango vya wembamba wa sauti, kati ya hezi 500 na 4000, au 26 kwenye matatu kati yake. Kwa mchoro uliopewa hapa, sikio lako la kushoto limevuka mstari huo, ingawa watataka kukupima wao.

Hapa niwe mkweli kwako, maana shemeji yako ameshanunua kiwanja kichwani. Mlio masikioni hupewa asilimia 10 ya ulemavu, basi. Uwe sikio moja, uwe yote mawili, ni 10. Mwaka 2025 asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, zaidi kidogo ya laki nne za hapa, na kiwango hicho hakiongezwi kwa sababu ya mke wala watoto. Usikivu wenyewe hupimwa kwa wastani wa masafa manne, 1000 hadi 4000, pamoja na mtihani wa kutambua maneno. Mtu aliyeharibika pale juu peke yake mara nyingi hupata asilimia 0. Usishtuke. Sifuri hiyo bado ina maana kwamba wamekubali jeraha limetokana na utumishi, haileti fedha lakini inafungua mlango wa matibabu. Kwa wanaoishi nje wana mpango wa kulipia tiba ya yale waliyoyakubali. Ukifika hatua hiyo, waulize kwanza kuhusu shimesikio, yaani kifaa cha kusikia, kabla hujanunua, usije ukalipa mwenyewe halafu ukahangaika kurudishiwa.

Kuna jambo jingine ambalo pengine hakuna aliyekwambia. Mtihani wao wa maneno ni orodha ya maneno ya Kiingereza, mafupi mafupi, unayasikia na kuyarudia. Wewe Kiingereza ulijifunza ukubwani. Kanuni zao zinaruhusu mpimaji kuandika kwamba mtihani wa maneno haumfai mtu kwa sababu ya lugha, na kutumia vipimo vya sauti peke yake. Sijui kama unahitaji hilo, miaka ya jeshini huenda imekunyoosha ulimi na sikio. Lakini ukihisi unakosa neno kwa kutolijua, mwambie mpimaji pale pale.

Shemeji yako nadhani anakupenda, na anawapenda wapwa zake. Ushauri wake ndio unaonitisha. Wapimaji hurudia sauti zile zile kwa mpangilio tofauti, na anayedanganya majibu yake hayalingani. Wakiandika kwamba vipimo haviaminiki, hata ukweli wako wote, ule mluzi na yale mausiku ya feni, unaingia shaka. Na kudanganya serikali ile ili ulipwe ni kosa la jinai. Wewe una jeraha la kweli. Nitasikitika likizikwa chini ya la uongo.

Na huyo wa WhatsApp? Sheria ya Marekani inamtaka anayemsaidia askari kuandaa dai awe ameidhinishwa na idara, na dai la kwanza halitozwi malipo na mtu yeyote. Vipo vyama vya askari wa zamani vinavyofanya kazi hiyo bure, na idara inatoa orodha ya walioidhinishwa. Mtu anayekutaka miezi sita kabla hata hajaiona DD 214 yako, mimi nisingempa hata picha ya kitambulisho. Lakini ni wewe unayemjua aliyekuunganisha naye, utajua namna ya kukataa bila kuvunja undugu.

Unaogopa kukataliwa, na hofu hiyo ina msingi. Watu hukataliwa, wakati mwingine kwa karatasi moja iliyokosekana. Ukikataliwa una mwaka mmoja wa kuomba waangalie tena: kwa kuongeza ushahidi mpya, kwa afisa wa juu zaidi kulipitia upya, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Inachosha. Inaweza kuchukua miezi mingi, na kila barua itakayokuja itakurudisha kule usikotaka kurudi. Jiulize kama mwaka huu una nafasi ya hilo moyoni. Kama bado unajipima, ipo fomu ya kutangaza nia ya kudai. Ukiijaza inakulindia tarehe ya kuanzia kulipwa kwa mwaka mzima, na hailazimishi kuendelea.

Na kutodai je? Ni njia halali, mwanangu. Wapo walioamua hawataki tena jina lao kwenye faili la jeshi lolote, na wanaishi kwa amani. Ninachokuomba ni kwamba ukiichagua, uichague kwa sababu yako. Kuna tofauti kati ya mtu aliyesema “nimemalizana na mambo yale” na mtu aliyenyamaza kwa sababu alitiwa haya.

Hapo ndipo tunafika kwa mzee.

Nimelisoma neno lake tena na tena. “Sisi tulirudi masikio yakilia wote.” Wewe umesikia karipio. Mimi nimesikia mzee anayetaja maumivu yake, labda kwa mara ya kwanza mbele ya mwanawe, halafu akayafunika haraka. Sijui nyumbani kwake mambo yakoje, lakini nakuuliza: redio yake anaiweka sauti ya juu kiasi gani? Kwenye vikao vya ukoo anachangia, au siku hizi anakaa pembeni na kuitikia tu? Kizazi chake kiliingia vitani, kikarudi, kikaendelea na kilimo na kazi, na wengi hawakuulizwa wanalalaje usiku. Huenda anapokwambia hakuna aliyedai, hakusifii uvumilivu. Huenda anaona wewe unapewa nafasi ambayo yeye hakuwahi kupewa, na hajui afanye nini na uchungu huo. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiwe mwanawe. Ila ungekwenda siku moja, bila kutaja dai wala dola, ukamuuliza: “Baba, yako yanalia mpaka leo?” Mketishe upande wa sikio lako la kulia, lile lenye nafuu. Na akikubali, mpeleke akapimwe. Muhimbili wana idara ya masikio, pua na koo, na kupimwa usikivu ni jambo la muda mfupi.

Kwa nyumbani kwako, kuna mambo yasiyohitaji kibali cha Marekani. Mlio hauna dawa ya kuufuta, na mtu akikuuzia dawa hiyo mkatalie. Lakini unaweza kupungua makali. Shimesikio likikuongezea sauti za nje, mluzi mara nyingi unarudi nyuma. Sauti laini usiku, kama feni yako au mvua iliyorekodiwa kwenye simu, ni njia hata wataalamu wanaitumia. Jaribu simu, ili mama watoto apumzike na mashuka mawili. Ushauri nasaha wa kujifunza kuishi na mlio nao unawasaidia wengi. Dukani, mteja akuandikie namba ya beringi kwenye karatasi, na mweleze kwa nini. Watu wa Gerezani wanajua kelele, hawatakushangaa. Na kama usiku zinakuja fikra nzito, za kutotaka kuendelea, hilo halingoji dai lolote. Mwamshe mkeo saa hiyo hiyo, na asubuhi mwende wote kwa daktari.

Binti yako sasa. Ana miaka saba, na amejifunza kwamba kumsimulia baba ni kumchosha baba. Hajui habari za mizinga. Unaweza kumweleza kwa lugha yake, kwamba masikio ya baba yaliumia kazini, na kwamba akikaa mbele yako, akakutazama usoni na kusema taratibu, unamsikia. Zima televisheni anapoanza. Watoto wa umri huo wakipewa kazi ya kusaidia huifanya kwa fahari kubwa, na atawafundisha wenzake namna ya kuongea na baba yake.

Mkeo umeandika anataka hati inayosema umeumia ili uache kujifanya huna kitu. Muulize kama hati ndiyo anayoihitaji, au angetosheka kulisikia kutoka kinywani mwako. Jibu lake linaweza kukuonyesha uanze na lipi.

Uniandikie, mwanangu, hata kama bado hujaamua. Na kama mzee atakubali kukujibu lile swali, ningependa sana kusikia alisemaje.